Muulize Mama Siku Yake Ilivyo Kabla Hujampa Zoezi

Wadogo zangu mlio kwenye atachimenti, na nyinyi mlioajiriwa juzi mkaletwa kitengo cha watoto hapa Malindi, nimeiona tena ile karatasi ya mazoezi anayopewa mama wa mtoto aliyechelewa kukua. Imejaa mbele na nyuma, mazoezi kwa nambari, kila moja "mara kumi, kutwa mara tatu", chini sahihi na muhuri. Mama ameipokea kwa mikono miwili, ameshukuru, ameikunja na kuifunga kwenye pindo la leso pamoja na nauli ya tuktuk. Aliyeiandika ni kijana hodari na anampenda yule mtoto, hilo silipingi. Lakini kila kundi jipya linakuja na karatasi hiyo hiyo, na baada ya mwezi linakuja kuniambia kwamba akina mama wa huku hawafuati maagizo. Naomba mnisikilize kabla mwezi wenu haujafika.

1. Umri wa mtoto uhesabuni vizuri kwanza. Aliyezaliwa njiti, ondoeni zile wiki alizokosa tumboni mpaka afike miaka 2. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mtoto asiye na tatizo lolote anaweza kukaa bila kushikwa akiwa na miezi 4, au akakawia mpaka 9. Kutembea peke yake ni kuanzia miezi 8 hadi karibu 18. Kutambaa, wapo wanaoruka hatua hiyo kabisa, na si ugonjwa. Ila mambo mawili hayangoji: mtoto aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha, na mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka. Huyo wa mkono mmoja nyumbani husifiwa kwamba atakuwa wa mashoto. Wewe uangalie ule mkono wa pili, kama umekunja ngumi. Na bibi atakuambia babake mtoto naye alichelewa. Mwitikie kwa heshima zote, halafu mpime mtoto vile vile. Kipimo tunacho, tena cha kwetu: Kilifi Developmental Inventory kilitengenezwa katika kaunti hii hii, kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Inaniuma kuona mtu akimwonyesha mtoto wa Ganda, hapa hapa Malindi, picha za vitu ambavyo hajaviona maisha yake yote, kisha anaandika kwamba hakuvitambua.

2. Anayechelewa kusema, masikio kwanza. Homa ya uti wa mgongo na manjano makali ya siku za mwanzo huweza kuondoka na usikivu wote, na kupiga makofi nyuma ya mtoto si kipimo, maana anahisi upepo na anaona kivuli. Andikeni rufaa akapimwe. Halafu acheni kumwambia mama aache Kigiriama nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe". Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Watoto wa Malindi wanakua na Kigiriama cha hawe, yaani bibi, Kiswahili cha mtaani, na wa pwani kabisa wanaokota na Kiitaliano juu yake, na wanasema zote. Mama akinyimwa lugha yake anasema machache zaidi na mwanawe, na maneno machache ndiyo tusiyoyataka.

3. Mazoezi yaingie ndani ya siku ya mama. Hili nitalieleza kirefu kwa sababu nililijua kwa gharama ya mtoto wa mwenzangu.

Mama yule alitoka upande wa Marafa, na mwanawe wa kiume alikuwa hajatimiza miaka 2. Mtindio wa ubongo, miguu yote miwili imekaza na inapishana, shingo bado haijashika sawasawa. Nikampa karatasi. Aliporudi nikamuuliza kama anafanya mazoezi, akasema anafanya. Nilipomshika mtoto nikajua hafanyi. Kliniki ilikuwa imejaa, akina mama kwenye benchi, wengine kwenye mkeka, wote wanasikia, nami nikamwambia kwa sauti ya juu kwamba mtoto huyu akikosa kutembea, sababu ni mamake. Hakunijibu. Alimfunga mtoto mgongoni, akavaa ndala zake, akatoka. Msimu mzima wa mvua ukapita bila yeye kuonekana, na mimi sikumtafuta. Kwenye rejista niliandika "ameacha kuja", nikamwita anayefuata.

Aliyenirudisha kwake ni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake. Alinipigia simu kwamba kuna mtoto analia kila akipanuliwa miguu kubadilishwa nepi. Safari hiyo nikaenda mimi. Tulivuka daraja la Sabaki, tukaiacha barabara kubwa, tukafika mchana mama akiwa uani anasuka makuti ya kuuza. Nilikaa naye mpaka jioni, na ndipo kwa mara ya kwanza nilimuuliza siku yake inakwendaje. Anaamka kabla ya adhana kufuata maji. Akirudi ni uji wa watoto, kisha shamba, kisha kuni, kisha makuti mpaka giza liingie, maana mume yuko Mombasa na pesa haziji kila mwezi. Mazoezi niliyompa, ukiyafanya yote kama nilivyoandika, yalitaka saa moja na nusu kila siku. Saa hiyo haikuwapo popote. Kusoma pia hakujua, na sikuwa nimemuuliza. Karatasi yangu alikuwa ameichomeka kwenye paa mahali pasipovuja, safi kabisa, kwa kuwa ilitoka hospitali.

Na jambo lililonikata maini ni dada mtu. Msichana wa umri wa darasa la nne hivi, ndiye aliyekuwa akishinda na mtoto akitoka shule. Alimbeba ubavuni, miguu ya mtoto imekumbatia kiuno chake huku na huku, shingo imeinuka inafuata kuku waliokuwa wakipita. Ile miguu niliyotaka ipanuliwe mara kumi kutwa mara tatu, msichana yule aliipanua kwa saa nzima nzima, na shingo ikafanya kazi juu yake, bila mtu kumwagiza. Kama ningeuliza nani humbeba mtoto na humbeba vipi, ningelianzia hapo.

Tulimleta mtoto akapigwa eksrei, na nyonga ya kushoto ilikuwa imetoka. Wadogo zangu, mazoezi yangu yasingeizuia. Kunyoosha miguu kwa mkono hakuizuii nyonga kutoka. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba karibu thuluthi ya watoto wenye mtindio wa ubongo nyonga zao husogea, na kwa walio daraja la 5 la GMFCS (mizani ya uwezo wa kukaa na kutembea, 1 ndilo jepesi na 5 ndilo zito kabisa) ni tisa katika kila kumi. Kinachosaidia ni eksrei ya mapema inayorudiwa, ili daktari wa mifupa afike wakati bado kuna la kufanya. Mtoto yule alikosa hiyo eksrei kwa sababu mamake aliogopa kurudi mahali alipoaibishwa, na aliyemwaibisha ni mimi. Nilimwomba radhi pale uani, mbele ya mamake mkwe. Alisema yamepita. Mtoto sasa anakaa kwenye kiti, anacheka sana na dadake, na nyonga inamuuma.

Tangu hapo sianzi na zoezi. Nauliza nani humwogesha, nani humlisha, nani humbeba, mtoto hukaa wapi mama akifanya kazi, na ni jambo gani moja ambalo nyumbani wangefurahi sana akiliweza. Kisha nachagua mawili, basi. Mama anayesuka makuti na miguu ameinyoosha, mtoto akae katikati ya mapaja yake, mgongo umeegemea tumbo la mama, avute ukuti kwa mikono yake mwenyewe. Anayeogeshwa kwenye beseni, leso iliyokunjwa mviringo imzuie kiunoni, kopo liwe mbali kidogo ili alifuate. Anayebebwa ubavuni, dada abadilishe ubavu. Wa karibu na bahari, chimbeni shimo dogo mchangani akae humo mpaka kiunoni, mikono ibaki huru kuchezea mchanga. Mtoto hujifunza kwa kujitahidi mwenyewe kufikia kitu anachokitaka. Kiungo kinachosukumwa na mtu mwingine huku yeye amelala anatazama paa hakimfundishi mengi. Na haya yanataka haraka, maana muda wenyewe ni mfupi: mtoto wa daraja la 5 hufikia asilimia 90 ya uwezo wake wa misuli mikubwa kabla ya kutimiza miaka 3, na hata wa daraja la 1 ni karibu miaka 5. Mama wa mtoto wa miezi 10 ukimwambia "tusubiri akue", umemnyang'anya sehemu kubwa ya muda huo.

4. Mtoto hapewi chakula amelazwa chali. Akae, kichwa kiwe mbele kidogo, kijiko kije kutoka mbele na chini, uji uwe mzito kiasi. Mtoto anayekohoa kila akila na kuugua kifua kila mara, fuateni kwanza jinsi anavyolishwa kabla ya jambo lingine lolote. Msimalize siku hiyo bila kumwona mama akimlisha kwa macho yenu.

5. Kile kigari cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea, mwambieni mama asinunue. Hakifundishi kutembea na kinaangusha watoto. Canada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Pesa hiyo ampe fundi seremala amtengenezee kiti cha kona au ubao wa kusimamia, na vipimo mwandikieni nyinyi.

6. Mtaambiwa mtoto ana chirwa, yaani ugonjwa unaosemekana huletwa na uzinzi wa wazazi. Msicheke, na msianze kubishana na mganga ambaye hayupo chumbani. Mnajua neno hilo linamtuhumu nani na kwa kosa gani, kwa hiyo mkilisikia jueni kwamba ndoa ya mtu iko hatarini. Mwiteni baba, mwiteni na mama mkwe, waketi, mwaeleze mbele ya wote yaliyotokea: mtoto hakulia alipozaliwa, au alikuwa na manjano, au alipata degedege akakaa nayo muda mrefu. Kama sababu haijulikani, semeni haijulikani, na kwamba hakuna alichokifanya mama kikaleta hali hii. Nimeona mwanamume akisikia maneno hayo akamchukua mtoto mikononi mwa mkewe kwa mara ya kwanza tangu wafike, akatoka naye nje kumwonyesha magari. Mtu aliyevaa sare akisema mbele ya mama mkwe, neno linapata uzito ambao mama peke yake hawezi kulipatia.

7. Usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu muuanzishe mapema, na EARC, kituo cha kupima mahitaji maalum ya elimu ya mtoto, apelekwe kabla umri wa chekechea haujampita. Kwenye rejista, safu ya simu, msiandike namba ya baba aliye Mombasa peke yake. Andikeni ya mtu anayeshinda na mtoto na ya mhudumu wa afya wa kijiji chake. Akikosa kliniki mbili mfululizo, pigeni simu siku hiyo hiyo, na mkipiga ulizeni kwanza hali ya mama.