Ondoa fuvu la Piltdown kabla ya Jumamosi

Ndugu, umeuliza utumie ushahidi gani wa mageuko ya viumbe katika mada yako ya Jumamosi, uupange vipi, na uwajibu nini watakaoleta hoja za dini. Mimi nimekwama kwenye kipengele cha pili cha orodha yako: "fuvu la Piltdown". Lifute leo hii.

Nilisimama na fuvu hilohilo katika mdahalo wa chuo, nikiwa na chati niliyokesha nikiichora, nikalitangaza kwa mbwembwe kuwa ndilo kiungo kilichopotea kati ya nyani na binadamu. Binti wa upande wa pili, ambaye hadi hapo hakuwa amefungua kinywa, akauliza kwa upole kama nilikuwa na habari kwamba lilibainika kuwa la kughushi mwaka 1953. Sikuwa nayo. Lilitangazwa Uingereza mwaka 1912, likaheshimiwa kwa miaka arobaini, kumbe ni vipande vya fuvu la binadamu vilivyounganishwa na taya ya orangutani, nyani mkubwa wa Asia, meno yakapigwa tupa na mifupa ikatiwa rangi ionekane ya kale. Ni kwa sababu yake, kwa sehemu, kwamba mwanasayansi Raymond Dart alipoeleza mwaka 1925 fuvu halisi la mtoto wa jamii ya kale ya binadamu kutoka Taung, Afrika Kusini, wanasayansi wakubwa wa London walimpuuza. Angalau nilidanganywa pamoja na maprofesa.

Ningekuwa nimesoma, ningejibu kwamba walioliumbua ni wanasayansi wenyewe, kwa msaada wa kupima florini, kemikali ambayo mifupa huifyonza kadiri inavyokaa ardhini. Badala yake niliinua picha ya nyayo za kale za Laetoli, Tanzania, na sauti ikatoka nyuma: "Na hizo umezipaka rangi gani?" Ushahidi wangu bora ukazikwa na ule mbovu. Mkufunzi aliyetugawia madesa yale, ambayo nadhani alinakili kwa aliyenakili, aliponisikia nikilalamika alijibu kwamba "wazo ni lilelile". Wazo!

Usipeleke ushahidi usioweza kuutajia mahali, mwaka, na aliyeurudia kuuchunguza. Laetoli inapita: mwaka 1978 kikosi cha mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey kilifukua nyayo katika majivu ya volkano yenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi, kidole gumba cha mguu kikiwa sambamba na vingine kama cha kwako, si kilichotanuka kama cha sokwe; na mwaka 2016 mwanaakiolojia Fidelis Masao na wenzake walitangaza nyayo nyingine, mita 150 hivi kutoka hapo.

Lete hapa orodha yako upya, kila kipengele kikiwa na mambo hayo matatu, na kisichokuwa nayo usikibembeleze.