Nna laki na nusu, nichukue hedifoni gani?

SWALI: Kaka habari, nataka hedifoni ya kusikilizia mziki kwenye daladala na usiku naedit sauti za podikasti, Kariakoo wananiambia chukua yenye besi kubwa, kweli? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Poa mdogo wangu. Besi kubwa achana nayo, ukiedit itakudanganya, sauti ya mtu unaisikia nzito kumbe kwenye faili ni nyembamba. Kama kazi ndo muhimu tafuta ya waya, Audio-Technica ATH-M20x inafunika sikio lote ila waya ni mita 3, kwenye daladala utajinyonga, na simu nyingi sikuizi hazina tundu la jeki. Ukitaka moja tu ya yote basi Sony WH-CH520, chaji inafika masaa 50, ila inakaa juu ya sikio tu so konda utamsikia vizuri sana, na Bluetooth sauti inachelewa kidogo, kwenye kuedit inakera.

Dukani usikubali mziki wa muuzaji, weka wimbo unaoujua, vaa kama dakika 10 hivi uone inabana wapi, na uliza sponji zinabadilishwa? maana ndo huchanika kwanza. Ile Sony "orijino" ya elfu 20 barabarani, mh, pita tu.