Petr Svoboda si bao moja tu

Umeuliza kama Petr Svoboda, mchezaji wa hoki ya barafu, alifanya lolote zaidi ya lile bao la Nagano, Japani, lililoipa Jamhuri ya Cheki dhahabu ya Olimpiki. Alifanya mengi, ndugu yangu! Mwaka 1984, akiwa na miaka 18, alitoroka Chekoslovakia wakati timu ya vijana ikicheza Ujerumani Magharibi. Kurudi nyumbani ilikuwa haiwezekani tena. Miezi michache baadaye Montreal Canadiens wakamchagua wa tano kati ya chipukizi wote wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na mwaka 1986 akabeba nao Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo. Kisha akachezea timu za Buffalo, Philadelphia, Tampa Bay.

Alikuwa beki mwembamba, mwenye kasi na pasi safi, na ndiye Mcheki wa kwanza kufikisha mechi 1,000 NHL. Mabao hayakuwa kazi yake: 58 tu katika mechi 1,028. Ndiyo maana fainali ya Olimpiki ya 1998 bado inanisisimua. Kipindi cha tatu, sifuri kwa sifuri dhidi ya Urusi, beki huyu anaachia shuti kutoka mbali, linaingia. Kipa wao Hašek akafunga lango hadi mwisho, 1-0. Jeraha la kichwa ndilo lililomstaafisha.