Vizimba vya nano: ni bandia au vya kutengenezwa?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa kemia katika skuli moja ya Wete, Pemba. Natayarisha gazeti la ukutani la wanafunzi wangu, na nimeandika hivi: "Nanovyumba vya asili na nanovyumba bandia huzuia miitikio ya kemikali." Nakusudia vile vinafasi vidogo mno, vyenye ukuta, ambamo kemikali hukutana. Mwenzangu anayesomesha Kiswahili kaisoma sentensi, akacheka, asinambie kosa liko wapi. Sentensi ina kasoro gani?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwalimu. Sarufi yako ni salama. Kilichomchekesha mwenzio, nadhani, ni maneno kukaa si pahala pake.

Nianze na jepesi. Mwitikio ni wa mwenye kuitwa akaitika, kama wanafunzi wa chuoni wanavyoitikia kaswida. Kemikali haziitiki, humenyuka. Sema mmenyuko, na kwa wingi mimenyuko.

"Nano" nayo iache ikae na vipimo ilivyokuja navyo: nanomita, nanogramu. Ukiibandika mbele ya neno la Kiswahili unakizika kiambishi cha ngeli katikati ya neno, na msomaji hajui alitafute kamusini kwenye N au kwenye CH. Tena wapo watakaodhani umekosea kuandika "vyumba vinane". "Vya nano" inatosha, maadamu umeshaeleza mwanzoni kwamba nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

"Huzuia" ni kosa la maana, si la mtindo. Anayezuia hukataza, na sehemu hizi nyingi kazi yake ni kinyume: hukusanya vitu vinavyohitajiana, huvitenga na visivyotakiwa, na mmenyuko ukenda vizuri zaidi. Tazama sianobakteria, vile vijidudu vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ndani yao mna kaboksisomu, ganda la protini ambalo upana wake aghalabu ni nanomita mia moja au zaidi kidogo. Mna kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) kiitwacho rubisko, chenye kazi ya kunasa hewa ya ukaa, lakini hufanya kazi polepole na mara nyengine hushika oksijeni kwa makosa. Humo humo kimewekwa kimeng'enya cha pili, kinachogeuza bikaboneti (umbo ambalo hewa ya ukaa hulichukua ikiyeyuka majini) kuwa hewa ya ukaa papo hapo ubavuni mwa rubisko. Hewa ikawa nyingi pale pale inapotakiwa, na makosa yakapungua. Hapo pamezuiwa nini? Hata kwenye tambuu, chokaa huwekwa mbali na popoo na katu, lakini si kwa kuwa havitakiwi kukutana. Vinatakiwa vikutane mdomoni, wekundu utoke huko. Neno lako ni kudhibiti, au kuongoza ukipenda sauti laini zaidi.

Sasa "chumba". Si kosa, na lina siri nzuri: ni nyumba iliyopunguzwa. Shina ni lile lile la -umba, likatiwa ki- ya udogo, ki-umba likawa chumba. Udogo umo ndani tangu zamani, ila masikio yetu hayausikii tena, ndiyo maana anayetaka kukipunguza zaidi husema kijichumba. (Kijumba ni kitu chengine, hicho ni nyumba ndogo.) Chumba kitakufaa kama jina la jumla. Lakini ukifika kwenye mifano, ningependa uchague jina kwa kutazama ukuta wenyewe.

Ukuta ukiwa wa mafuta, laini, unaopinda, hicho ni kifuko. Ndivyo zilivyo liposomu, ambazo Alec Bangham wa Uingereza alizieleza katika miaka ya 1960, na ambazo leo hubebeshwa dawa, zikiwemo za saratani. Wapo wanaoziita viputo. Mimi sipendi, kwa sababu ndani ya kiputo mna hewa, na ndani ya liposomu mna maji.

Ukuta ukiwa wa vipande vilivyopangwa na kufungana, sema kizimba. Mtu wa Unguja ataanza kukumbuka mashamba ya viungo ya Kizimbani, na mwengine atakumbuka mahakama, lakini maana ya kwanza, banda la kuku, inabeba picha yote: kuta zina nafasi, vidogo hupita, vikubwa havipiti. Feritini ya mwilini mwetu ni kizimba cha vipande 24 vya protini. Kwa nje upana wake ni nanomita 12 na uwazi wa ndani ni 8, nacho huweza kuhifadhi hadi atomu 4,500 hivi za chuma. Chuma huingia kikiwa kimeyeyuka, kikaoksidishwa na kugandia humo.

Na vile vijinafasi ndani ya zeolaiti, yale madini yenye matundu madogo mno, au ndani ya fuwele za metali na viungo vya kaboni zilizowapatia Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2025? Hivyo ni vitundu. Usiseme "tundu" peke yake, maana tundu kwetu ni shimo na pia ni kizimba, na wanafunzi wako watakuuliza ni lipi.

Limebaki "bandia", na hapa nitakaa. Kitu bandia huwa kinaigiza kitu: meno ya bandia, noti bandia, mtoto wa bandia wanaochezea wasichana. Neno halidai udanganyifu kila mara, lakini linadai kuwe na cha asli kinachofuatishwa. Kwa hivyo liposomu iliyotiwa vimeng'enya ili ifanye kama seli unaweza kuiita seli bandia, na sitakusahihisha. Lakini fuwele ya Yaghi haimuigizi yeyote. Ni ya kutengenezwa, basi. Ukiiita bandia unamwambia msomaji ipo nyengine ya kweli mahali fulani.

Kuna na vya katikati. Kipo kirusi kinachotia madoa majani ya kunde. Ganda lake ni la protini 180, upana kiasi cha nanomita 28, na vinafasi vyake hufunguka na kufunga kwa kufuata kiwango cha asidi. Wanakemia huondoa vilivyomo ndani, wakatia vyao. Ganda ni la asili, matumizi ni ya mtu. Hapo usitafute neno moja, eleza tu: ganda la kirusi lililogeuzwa matumizi.

Sentensi yako, basi: "Vyumba vya nano, vya asili na vya kutengenezwa, hudhibiti mimenyuko ya kikemia." Na liposomu, feritini, zeolaiti na kaboksisomu ziweke katika ngeli ya I-ZI: liposomu hii, liposomu hizi. Nimeshaona mahali "maliposomu". Hilo waachie wenyewe.