Swali la lugha: geti la bomba la vumbi unalifunga au "unalisakinisha"?

Fundi mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, ana karakana nyuma ya nyumba yake, msumeno wa meza, randa ya umeme na mashine ya msasa, zote tatu zinavutwa vumbi na feni moja kwa bomba la inchi 4. Sasa anaweka mageti, yani vile vibamba vya kusukuma na kuvuta vinavyokata upepo kwenye kila tawi la bomba, ili feni ivute kwenye mashine inayofanya kazi tu. Ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Nilimwandikia msaidizi wangu ukutani, BAADA YA KUFUNGA MAGETI WASHA FENI. Shemeji yangu kapita kasoma kasema kufunga ni Kiswahili cha mtaani, niandike KUSAKINISHA. Na jina la kifaa nilipolitafsiri kwenye simu likaja 'lango la mlipuko'. Nishike lipi?"

Marahaba fundi. Umenigusa pale pale panaponiuma, hili neno sakinisha nimelivumilia muda mrefu na sasa limefika mpaka karakana, acha niseme.

Kusakini ni kukaa mahali, kuwa na makao, ni Kiarabu, ndugu yake ni maskani tunayoijua wote. Kusakinisha basi ni kumfanya mtu au kitu kikae. Walioandika Kiswahili cha kompyuta na simu walihitaji neno la kuingiza programu kwenye kifaa wakalichukua hilo, sawa, programu haina skrubu wala nati, inaingia inakaa. Huko nimeshanyamaza. Tatizo ni watu waliolitoa kwenye simu wakaanza kulibandika kwenye kila kazi ya mikono kwa sababu linasikika la kisomi. Kuna bango nalipita kila nikienda mjini, TUNASAKINISHA MADIRISHA YA ALUMINIAMU. Siku moja nikasimama nikamuuliza kijana aliyekuwa anakata fremu pale chini ya bango, mwanangu mnafanya kazi gani hapa? Akanijibu bila kufikiria, "tunafunga madirisha mzee." Nikamwonyesha bango, hilo je? Akaliangalia kama mgeni, akasema hilo aliandika bosi. Mimi hapo ndipo nakasirika kweli, anayefanya kazi ana neno lake zima, lenye nguvu, na mwenye bango kamnyang'anya kampa neno ambalo yeye mwenyewe hawezi kumwambia mteja. Na fikiria maana yenyewe, madirisha yamepewa makao? Dirisha unalipima, unalichomeka, unapiga skrubu, unakaza, unapaka silikoni, mikono yote imo kwenye neno funga. Kwenye sakinisha hamna mkono hata mmoja.

Na hiyo hoja ya "Kiswahili cha mtaani" haina miguu. Kufunga kwa maana ya kuunganisha kitu kikashika mahali pake ni matumizi halali kabisa, tunafunga taa, tunafunga feni, fundi gari anafungua injini alafu anaifunga, hakuna aliyewahi kumwelewa vibaya. Ndiyo, neno lina kazi nyingi. Mtu anafunga Ramadhani, anafunga ndoa, anafunga mzigo, anafunga safari, anafungwa jela. Timu yetu ya mpira Pamba Jiji wakifungwa pale uwanja wa Kirumba hakuna mtu wa Mwanza anayedhani wamefungwa kamba, tunaumia tu kila mtu anaenda kwake. Maneno yanayolizunguka ndiyo yanayoonyesha ni funga ipi. Shemeji akitaka kufuta kila neno lenye maana zaidi ya moja, hatabaki na Kiswahili cha kuongelea.

Ila fundi, sentensi yako ya ukutani ina kasoro na shemeji kaipita hajaiona. BAADA YA KUFUNGA MAGETI WASHA FENI. Wewe ulimaanisha ukimaliza kuyaunganisha kwenye bomba. Kijana wako msaidizi anayefika asubuhi anayakuta mageti tayari yapo kwenye bomba, kwake kufunga hapo ni kusukuma kile kibamba mpaka kizibe. Atayaziba yote matatu, atawasha feni, itanguruma, na bomba halivuti kitu popote kwa sababu njia zote zimekatwa. Akiogopa akayaacha yote wazi nako hasara, upepo unagawanyika matawi matatu, kila mashine inapata kidogo, mwendo wa hewa unapungua, maranda yanaanza kulala ndani ya bomba mpaka linajaa. Kwa hiyo hapa funga imekosa maneno ya kuisaidia, na kuweka sakinisha hakuponyi kitu, maana kijana bado hajaambiwa geti lipi liwe wazi na lipi lisiwe, na hilo ndilo pekee alilohitaji kujua kabla hajagusa swichi.

Na hili silisemi kwa kupenda sarufi tu. Vumbi la mbao liko kundi la 1 la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, waliliweka humo tangu miaka ya 90, na unga mwembamba wa msasa ndio unaoelea muda mrefu na kuingia kifuani. Anayesimama mbele ya ile mashine ni huyo kijana. Maandishi ya karakana yasomeke mara moja, yaeleweke mashine ikiwa inapiga kelele na mtu kaziba masikio.

Mimi ningegawa kazi hivi. Funga libaki kwa kuweka kifaa, na lipe mahali pake, "funga geti kwenye bomba", ukishataja bomba hakuna atakayekosea. Kwa kukata upepo sema ziba, ndicho kibamba kinachofanya, kinaziba njia. Kwa kufungulia sema achia, kama tunavyoachia maji na kuachia breki. Najua mtu atasema kinyume cha ziba si ni zibua? Ni kweli, lakini zibua tuitunze kwa kazi yake, siku bomba likijaa maranda utalihitaji, na ukiwa umeshalitumia kila siku kwa kuvuta kibamba utamwambia kijana nini siku hiyo? Sasa ukutani andika: ACHIA GETI LA MASHINE UNAYOTUMIA, ZIBA MENGINE, WASHA FENI. Kijana wa darasa la 7 anaelewa, na shemeji wako pia.

Na wakati wa kufunga kwenyewe, maneno unayo tayari, usiazime. Unakata bomba, unachomeka geti, unapiga skrubu fupi (ndefu ikitokeza ndani itakamata maranda na hapo hapo patajaa), mpira unaoenda kwenye mashine unaubana kwa klipu, unapaka silikoni pale pasipofunguliwa tena. Geti liwe karibu na mashine, mkono unapofika, likiwa mbali mtu atachoka kulifuata ataliacha wazi siku nzima. Na ule mfereji kinamopita kibamba uukague mara kwa mara, unga ukijaa mle kibamba hakifiki mwisho na upepo unavuja hata kama kwa macho unaona kimeziba. Chomeka, piga, bana, paka, kagua. Nioneshe sehemu moja tu katika kazi hiyo inayodai kusakinisha.

Kuhusu "lango la mlipuko" nitasema kidogo maana halistahili zaidi. Kwa Kiingereza kifaa hiki ni blast gate, na hilo neno blast lina maana ya mlipuko na pia lina maana ya mkupuo wa upepo, simu imechagua ile mbaya. Kwenye karakana yenye unga mkavu wa mbao na umeme, mlipuko ni neno la hatari halisi, unga mwembamba ukitanda hewani kwa wingi ukakutana na cheche unaweza kulipuka kweli, kwa hiyo huwezi kulibandika kwenye kifaa cha kusukuma kwa kidole. Siku utakapoandika MLIPUKO ukutani iwe ni onyo.

Liite geti. Mafundi bomba wa hapa wanasema geti valvu miaka yote na wanaelewana, wewe sema geti la vumbi, wingi mageti ya vumbi. Anayependa kilango cha vumbi simkatazi, ni zuri pia, ila kwa kelele ya randa geti linasikika haraka. Na juu ya kila moja andika kwa maka peni jina la mashine yake, MSUMENO, RANDA, MSASA, kwa herufi kubwa.