Kihindi kitakusaidia kuongea Kitamil na wakwe?

Dada, umeuliza kama Kihindi ulichokipata chuoni Pune kitakufaa kwa wakwe zako wa Chennai. Kitakufaa sana, ila kwa mpangilio wa sentensi, si kwa msamiati. Lugha hizi ni za koo mbili tofauti, lakini kitenzi hukaa mwisho kote kote. Chukua "mujhe paani chahiye", nataka maji. Kitamil ni "enakku thanni venum": mujhe ni enakku, paani ni thanni, chahiye ni venum. Badilisha neno kwa neno, umemaliza.

Heshima nayo unaijua tayari. Pale unapotumia "aap", yaani wewe wa heshima, Kitamil huweka -nga mwishoni mwa kitenzi: "vaanga", karibuni, "saaptingala?", mmeshakula? Hilo la mwisho utaulizwa mpaka uchoke, kwa hiyo jifunze na "podhum", yatosha, kabla mama mkwe hajakuongezea wali.

Angalizo moja tu: "ham" ya Kihindi ni "sisi", umjumuishe unayeongea naye au umwache nje. Kitamil kina "naama" ukimjumuisha unayeongea naye, na "naanga" ukimwacha nje.

Vitabu vya Kitamil cha maandishi viweke kando kwanza, nyumbani hakuna anayeongea hivyo. Mwambie mumeo akurekodie sauti kwenye WhatsApp. Na ukiaga usiseme "poren", naenda, peke yake, huonekana nuksi. Sema "poyittu varen", naenda nitarudi.