Kabla hujashuti muvi yako ziwani, angalia mwezi

Muvi yangu ya kwanza niliishuti Igombe, kijiji cha wavuvi Mwanza kando ya Ziwa Victoria, mwaka 2017, simu ya kuazima, watu sita, hela yote imeishia kwenye nauli na ugali. Skripti ilikuwa na sini ya usiku, ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa mpaka unadhani kuna mji kule ndani, nikapanga Jumamosi maana ndo siku waigizaji wangu wako huru, tunafika pale mbalamwezi inawaka kama mchana, ziwani hakuna taa hata moja. Dagaa wanavuliwa gizani, taa ndo inawavuta, sasa mwezi ukiwaka hivyo nani aende kuchoma mafuta bure? Mzee mmoja alikuwa anashona nyavu akaniambia, "Mwanangu, si mngeuliza."

Toka siku ile ratiba naipanga kwa mwezi. Siku za giza nachukua taa na mitumbwi, siku za mbalamwezi wavuvi wamepumzika kwa hiyo nawapata wenyewe waigize, na kiukweli sijaona mwigizaji wa mjini anayeshona nyavu kama yule mzee, vidole vinaenda vyenyewe huku anaongea na wewe anakutazama usoni.

Halafu sauti jamani! Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, ukirekodi maongezi ufukweni saa tisa unarudi nyumbani na vuuu tupu. Mimi maongezi nayamaliza kabla ya saa nne asubuhi, simu ya pili inakaa mfuko wa shati la mwigizaji inarekodi, mnapiga kofi moja mbele ya kamera ili kwenye kuediti uoanishe sauti na picha. Ukiwa ndani kwenye taa za umeme weka shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha) sekunde 1/50, umeme wetu ni hezi 50, ukiiacha oto picha inaweza kuchezacheza na kuisafisha baadaye ni mateso.

Kibali cha Bodi ya Filamu omba mapema, na viongozi wa mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhushia samaki, waone kabla hujatoa kamera kwenye begi.

Ikiisha, waonyeshe kwanza waliocheza. Mimi nilikodi banda umiza, kibanda cha kuonyeshea mpira na muvi, siku ambayo hakuna mpira, mbalamwezi tena kwa hiyo wavuvi walikuwepo, mwishoni mzee akanishika mkono akasema wavu wa sini ya kwanza ni wa sangara, siyo wa dagaa. Wiki iliyofuata tukarudi tukaishuti upya.